Ukarabati ulioanzia kila mahali: uchambuzi wa kisa cha nyumba yenye watoto wawili na sikukuu moja

Familia yenyewe ni ya watu wanne: baba, mama, binti wa miaka mitatu na nusu, na mdogo wake wa miezi kumi na minne. Nyumba ni ya zamani, ina vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na bafu moja. Waliamua kuikarabati wiki tisa kabla ya sikukuu ambayo ndugu hukutana kila mwaka, na safari hii zamu ya kupokea wageni ilikuwa yao. Fundi mkuu akawaambia wiki sita zinatosha. Kwenye karatasi walibakiwa na wiki tatu za akiba, na mama alikuwa ameshazipangia mapazia.

Kazi yangu ni kusimamia ukarabati, na mara nyingi naitwa mambo yakishakwama. Hapa niliitwa wiki ya tano. Jiko halikuwa na sakafu. Sinki lilikuwa koridoni, limeegemezwa ukutani. Bafu lilikuwa limebanduliwa vigae vyote, na choo kiling'olewa asubuhi na kurudishwa jioni, siku ambazo fundi bomba alikumbuka. Chumba cha watoto kilikuwa kinapigwa msasa. Wote wanne walikuwa wanalala sebuleni, nyuma ya turubai lililobandikwa kwa gundi ya karatasi na kubanduka kila mtu alipopita. Maelezo machache nimeyabadilisha wasitambulike, lakini kazi ilivyokwenda ndivyo ninavyoieleza.

Uamuzi uliozaa mengine yote ulifanyika siku ya kwanza: kuvunja kila mahali kwa mpigo. Baba alinieleza hoja yake bila kuyumba. Vumbi liwe moja, kelele ziwe za mara moja, mafundi wakiwa tayari wako ndani wamalize, tuteseke mwezi mmoja na nusu halafu tusahau. Kwa nyumba ya watu wazima, hoja hiyo ina mashiko, na mimi mwenyewe nimeshawahi kuwashauri hivyo watu wasio na watoto. Mtu mzima anaweza kula ofisini, kuoga kwa rafiki, kulala popote penye godoro. Mtoto wa miezi kumi na minne hana ofisi. Siku yake nzima imejengwa juu ya mambo matatu: mahali anapolala, anapooga na anapokula. Ukimwondolea moja, anayumba kidogo. Ukimwondolea yote matatu wiki hiyohiyo, nyumba nzima inayumba naye.

Na iliyumba. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Mdogo alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye kulala mara mbili mchana kwenda mara moja, na hiyo mara moja ilikuwa inaangukia saa ambayo fundi umeme anatoboa ukuta. Mama alianza kumlaza kwenye kigari, akizunguka naye nje hadi mikono imfe ganzi. Dada yake, ambaye alikuwa ameacha nepi miezi mingi nyuma, akaanza tena kujikojolea usiku. Wazazi walilichukua hilo kama utundu, au wivu kwa mdogo wake. Nilipomuuliza binti mwenyewe choo kiko wapi, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtego, akasema, "Leo kipo?" Hapo nikaona sina la kuongeza.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo wiki sita zilipopotelea. Ukuta kati ya jiko na sebule ulipobomolewa, ikaonekana sakafu za pande mbili hazilingani. Pia kulikuwa na bomba na nyaya za umeme ndani ya ukuta, jambo la kawaida kabisa, nalo lilikula siku zake. Fundi akamwaga tabaka jipya la mchanga na saruji kusawazisha, unene wa milimita 50. Juu yake walitaka sakafu ya mbao. Tabaka hilo lilimwagwa mwishoni mwa wiki ya tatu, yaani siku 42 kabla ya sikukuu.

Mafundi wengi watakwambia saruji inahitaji siku 28, na hawakosei. Ila siku 28 ni za kupata nguvu. Kukauka ni jambo jingine. Saruji hukomaa kwa kutumia maji, kwa hiyo siku za mwanzo unaifunika na kuilinda isikauke. Baada ya hapo ndipo maji yaliyobaki huanza kutoka, na hutoka polepole: kanuni inayotumika sana kwenye ujenzi ni milimita moja kwa siku, hewa ikiwa nzuri, na tabaka likizidi milimita 40 au 50 kasi hiyo hupungua zaidi. Kwa hiyo milimita 50 ni kama siku 50 kukiwa hakuna mvua, madirisha yako wazi na hakuna anayemwaga maji. Walikuwa na 42, na ndani ya hizo bado kulikuwa na makabati ya kufunga, vigae vya ukutani na rangi. Sakafu ya mbao isingewahi sikukuu hata mafundi wangelala hapohapo.

Walifanya nini? Walikodi mashine ya kupuliza hewa ya moto. Nilikuta inanguruma jikoni, milango imefungwa, na mdogo amelala upande wa pili wa turubai. Saruji ikikauka juu kwa haraka huku chini bado mbichi, kingo hujikunja na uso hupasuka. Na mbao zikiwekwa juu ya sakafu yenye unyevu zinaunyonya, zinavimba, zinainuka katikati kama mgongo. Kilichonistaajabisha ni kwamba fundi mkuu alilijua hilo vizuri sana. Nilipomuuliza kwa nini asiseme, akajibu, "Mama aliniuliza kama nitamaliza kabla ya sikukuu. Ningemwambia hapana, si angetafuta mwingine?"

Jibu hilo limenikaa kichwani, maana si uongo. Swali "utamaliza kabla ya sikukuu?" jibu lake siku zote ni ndiyo. Fundi anayesema hapana anakosa kazi, anayesema ndiyo anapata kazi pamoja na muda wa kutafuta visingizio. Nawatetea mafundi hapa zaidi ya kawaida yangu. Maswali waliyopaswa kuulizwa ni mengine: ni lini watoto wataweza kulala ndani ya chumba hiki? Bafu litakaa siku ngapi bila maji? Ni nini kinachohitaji kukauka, na kwa siku ngapi, bila mtu kukigusa? Maswali hayo yana majibu ya tarehe, na fundi mwenye ujuzi anayajibu papo hapo, kwa sababu hayamlazimishi kuchagua kati ya ukweli na kazi.

Jambo lililonifanya nisimamishe kazi siku ileile, hata hivyo, halikuwa jikoni. Lilikuwa chumba cha watoto. Fundi rangi alikuwa anapiga msasa fremu za madirisha kwa mashine, pakavu, mlango wazi. Rangi ya zamani ilikuwa imepakwa tabaka juu ya tabaka, na pale dirisha linapokwaruza likifunguliwa zilionekana kama rangi tano. Kwenye nyumba ya umri ule, rangi za chini zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na zipo nchi zilizochelewa zaidi ya hapo au ambazo hadi leo hazina sheria kamili. Rangi yenye risasi ikitulia ukutani, imefunikwa na haibanduki, hatari yake ni ndogo. Ukiipiga msasa pakavu unaigeuza vumbi, na vumbi halikai chumbani.

Mdogo alikuwa kwenye umri wa kutambaa, kusimama kwa kushika na kupeleka mkono mdomoni. WHO inaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inaathiri ubongo unaokua, na mara nyingi hakuna dalili yoyote ya kuonekana kwa macho. Nilipitisha kitambaa chenye maji juu ya kingo ya dirisha la sebule, chumba cha tatu kutoka pale mashine ilipokuwa, kikatoka na unga wa kijivu. Kwenye kingo hiyohiyo kulikuwa na alama za vidole vidogo.

Tulichukua vipande vya rangi vikapimwe maabara, na familia ikaondoka kwa siku zile. Ushauri wa "hamieni kwa ndugu hadi kazi iishe" huwa siupendi, kwa sababu wiki sita kwa ndugu nazo zina mateso yake, na watoto wanahama na kelele zao. Ila kwa siku za vumbi la namna hii hakuna mjadala: watoto na mjamzito wanatoka. Majibu yakarudi kwamba tabaka za chini zina risasi. Watoto walipimwa damu, na wote wawili walikuwa chini ya mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unakitaja kuwa kikifikiwa, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Daktari akataka warudi kupimwa tena baadaye. Fremu zilizobaki zilikwanguliwa zikiwa zimeloweshwa maji, chumba kimefungwa kwa nailoni pande zote. Vumbi lilivutwa kwa mashine yenye chujio la HEPA, yaani linalonasa hata vumbi laini sana, kisha sakafu na kingo zikapigwa deki kwa maji na sabuni. Ufagio ulipigwa marufuku. Fundi rangi naye alipewa barakoa inayofaa, maana ana mtoto wa umri uleule nyumbani na alikuwa anarudi kwake na nguo zilezile za kazi. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, yeye akiwa wa kwanza.

Baada ya hapo tulikaa mezani, au tuseme tulikaa juu ya ndoo za rangi, kupanga upya. Nilipendekeza tuache kupanga kwa vyumba na kwa mafundi, tupange kwa siku ya mtoto. Kulala kwanza, kuoga kwa pili, jiko mwisho. Chumba kimoja kimalizike kabisa, kiwe na mlango unaofungwa, kisafishwe, na kuanzia hapo fundi yeyote asiingie tena humo. Chumba cha watoto ndicho kilichofaa.

Hapa palizuka ubishi na fundi rangi. Yeye alitaka kupaka rangi mwisho kabisa, siku mbili kabla ya sikukuu, ili isichafuke. Ni utaratibu mzuri kwa jengo lisilo na watu. Rangi ya maji hukauka mkononi baada ya saa moja au mbili na hupokea mkono wa pili siku hiyohiyo, ila inaendelea kukomaa kwa wiki mbili hadi nne, na siku za mwanzo ndizo harufu yake huwa kali zaidi. Kuwalaza watoto humo usiku uleule wageni wameshajaa sebuleni kungekuwa kuwaonea. Chumba kikapakwa wiki ya sita na madirisha yakakaa wazi siku kadhaa. Makabati ya nguo yakafungwa kwa skrubu ukutani, jambo ambalo watu huliacha hadi mtoto apande droo. Kisha watoto wakahamia. Binti akakagua kona zote, akafunga mlango, akatuacha nje. Wiki iliyofuata kitanda kilianza kuamka kikavu. Siwezi kuapa kwamba ni chumba tu kilichofanya hivyo, lakini mama yeye anaapa.

Bafu nalo lilipewa sharti moja: kila jioni choo kifanye kazi na maji yawepo mahali pamoja, hata kama ni koki ya muda. Fundi bomba alinung'unika kwamba kufunga na kufungua kunamrudisha nyuma, na ni kweli kulimrudisha. Dawa ya kuzuia maji ikapakwa mara mbili na kuachwa ikauke kama ilivyoandikwa kwenye ndoo, vigae vikabandikwa, vikaachwa siku nzima kabla ya kujaza nafasi katikati. Kwenye bomba la kuogea tuliongeza koki ya kuchanganya maji yenye kidhibiti joto. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, wakati yale ya nyuzi 49 huchukua dakika kadhaa. Tanki lenyewe halifai kupunguzwa moto ovyo, kwa sababu kuna bakteria wanaoshamiri kwenye maji vuguvugu, kwa hiyo mahali pa kupunguza ni kwenye koki.

Likabaki jiko, na hapo ndipo baba alipogoma. Wageni watasemaje wakikuta sakafu ya saruji tupu? Tulizunguka swali hilo muda mrefu. Alikuwa tayari kulaza mbao zenye dosari na kuzing'oa baadaye, yaani kulipia sakafu mara mbili kwa ajili ya mchana mmoja. Nilimwonyesha kipimo cha unyevu, hakikumgusa. Aliyelimaliza ni mama yake kwa simu, baada ya kusikiliza maelezo yote hadi mwisho. "Mwanangu, mimi nakuja kuwaona wajukuu. Sakafu nitaikagua mwakani." Wakacheka, na mashine ya hewa ya moto ikarudishwa ilikokodiwa.

Jiko likatayarishwa kwa muda. Nyaya zote zilizokuwa wazi zikafungwa mwisho wake, na fundi umeme akaweka kwenye laini ile swichi ya usalama ya miliampea 30, inayokata umeme ukianza kuvuja. Sakafu hatukuifunika kwa nailoni, maana ingefungia unyevu ndani. Zilitandikwa mikeka asubuhi ya sikukuu na kuondolewa usiku. Ukuta mmoja wa plasta mpya uliachwa bila rangi, kwa kuwa plasta mbichi ikipakwa mapema rangi hubanduka, na binti akapewa ukuta huo achore. Fundi rangi alikuwa na ombi moja tu: "Chaki ruksa, peni marufuku." Chaki inafutika kwa kitambaa. Wino wa kalamu za rangi hupenya rangi ya maji na kujitokeza tena hata baada ya mikono mitatu, hadi upake kwanza dawa ya kuzuia madoa. Siku ya sikukuu watoto wote wa ndugu waliishia kwenye ukuta ule, na kwa sababu hiyo hakuna aliyesimama kuitazama sakafu.

Mapambo yalikuwa na shari yake. Mama alikuwa amenunua taa ndogo za mezani zinazotumia betri za vidonge, zile bapa kama kifungo. Usiku wa kuamkia sikukuu aliikuta moja chini ya kiti, kifuniko kimefunguka. Betri tuliipata chini ya mkeka wa sebuleni, lakini kabla hatujaipata nyumba ilipata dakika kumi mbaya sana. Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili, na mtoto anaweza kuonekana ana mafua tu. Ukihisi kameza, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri dalili wala kumtapisha. Kama ameshapita mwaka mmoja, anaweza kumeza asali na betri imemezwa ndani ya saa 12, asali kiasi cha vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, si zaidi ya mara sita, husaidia kupunguza kuungua. Asali haichukui nafasi ya hospitali, na kuitafuta kusiwacheleweshe kuondoka. Taa zote ambazo kifuniko chake hakikuwa na skrubu ziliondolewa usiku uleule. Nyumba ambayo vitu havina mahali pake, kabati liko koridoni na meza iko chumbani, vitu vidogo huanguka na hakuna anayejua vimeangukia wapi.

Kwenye malipo nitapita haraka. Walikuwa wamemlipa fundi mkuu sehemu kubwa mwanzoni, kwa hiyo hawakuwa na la kumshikilia. Tulikubaliana yaliyobaki yalipwe kwa hatua: chumba kikikabidhiwa, bafu likikabidhiwa, sakafu ikishapimwa unyevu na kulazwa. Hakukataa. Kwa kweli alionekana amepumua, kwa sababu kwa mara ya kwanza kazi ya kusubiri ilikuwa imeandikwa kama kazi, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza mbona leo hajaonekana.

Kipimo cha unyevu kilikubali wiki tatu baada ya sikukuu, na mbao zikalazwa. Vipimo vya pili vya damu vya watoto navyo vilirudi chini ya kiwango. Kilichosalia ni korido, ambayo ilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa. Wameamua isipakwe rangi hadi mdogo aache kugonga kuta kwa kigari chake, na fundi rangi, aliyeziona zile kuta, hakubisha.